Mtandaoni au fremu? Niliyojifunza kwa kuuza michezo ya mezani

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya michezo ya mezani huanza na swali moja: nikodi fremu au niuze mtandaoni tu? Nimepita njia zote mbili. Nilianza mtandaoni peke yake, nikafungua duka lenye meza za kuchezea, na sasa naendesha vyote viwili kwa mpangilio ambao mwanzoni sikuuwazia. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye akiba yake bado iko mkononi, kwa sababu swali hilo, likiulizwa hivyo, linaficha jambo lililonigharimu sana kulijua. Anayenunua mtandaoni na anayeingia dukani ni watu wawili tofauti. Wa kwanza anajua anachokitaka. Wa pili hajui bado. Mzigo unaomfaa mmoja, ukimwekea mwingine, utalala.

Mtandaoni nilianza kwa sababu ileile ya wengi: hakuna kodi ya pango. Chumba kimoja nyumbani kiligeuka stoo, nikajisajili kama muuzaji kwenye soko kubwa la mtandaoni, nikapiga picha maboksi, nikasubiri. Oda zilikuja haraka kuliko nilivyotarajia, na furaha ya wiki zile za kwanza naikumbuka mpaka leo. Kilichochelewa kuonekana ni hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Duka la rejareja hununua mchezo kwa msambazaji kwa kiasi cha nusu ya bei iliyopendekezwa na mchapishaji, au zaidi kidogo kama oda ni ndogo. Chukua mchezo wa bei ya 100. Wewe umeununua kwa 50. Dukani ukiuuza kwa 100, una 50 ya kulipia pango, umeme, mishahara na riziki yako. Mtandaoni bei hiyo huipati, maana mteja anawaona wauzaji wengi kwenye ukurasa mmoja na wale wakubwa wameshapunguza. Ili nawe uonekane, unashuka hadi 75. Kamisheni ya soko inafuata. Amazon nchini Marekani, kwa mfano, hutoza 15% kwa kundi la michezo na vitu vya kuchezea watoto. Hiyo ni 11.25. Umebaki na 13.75, na bado hujanunua boksi la kufungashia, hujalipia usafirishaji, hujajilipa mwenyewe kwa saa ulizokaa sakafuni na mkasi na utepe wa gundi.

Usafirishaji unahitaji maelezo yake, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua wanaumizwa na nini. Kampuni za vifurushi hazitozi kwa kilo za mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000 na kupata uzito wa ujazo. Kati ya huo na uzito wa mizani, unalipia ulio mkubwa. Kigawanyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kiulize kabla hujaweka bei ya usafirishaji kwenye ukurasa wako. Sasa pima boksi la mraba lililozoeleka, kama la Ticket to Ride: takriban sentimita 30 kwa 30 kwa 7. Likiwa peke yake lina uzito wa ujazo wa kilo 1.26. Liweke ndani ya boksi la nje la sentimita 36 kwa 36 kwa 13, ili kila upande upate karatasi ya kuukinga, na uzito huo unafika karibu kilo 3.4. Sehemu kubwa ya hizo kilo ni hewa na karatasi, na wewe ndiye unayelipa. Halafu kuna michezo inayoilemea hata mizani. Gloomhaven iliyotoka 2017 inakaribia kilo 10 kwa boksi moja, na ukiahidi usafirishaji wa bure kwa mzigo wa namna ile, umegawa faida yote na kuongeza kitu juu.

Ukipunguza boksi la nje ili kuokoa fedha, kona zitabonyea. Mteja mmoja alinitumia picha: kona ya chini kushoto imeingia ndani kiasi cha upana wa kucha, nailoni ya kiwandani haijachanika, na ndani, kwa maelezo yake mwenyewe, kila karata iko salama. Alitaka fedha yake yote. Sikubishana naye. Wapenzi wa michezo hii huyapanga maboksi kwenye rafu kama vitabu, mgongo ukitazama nje, na kona iliyobonyea wataiona kila siku. Nilimrudishia, na faida ya oda kadhaa ilikwenda na kona ile. Iliniuma, kwa sababu mchezo wenyewe haukuwa na kasoro hata moja. Tangu hapo nafungasha kwenye maboksi ya kadi yenye kuta mbili, ya saizi chache tu ninazozinunua kwa jumla, na mchezo haugusi ukuta wa nje upande wowote. Gharama hiyo nimeiweka ndani ya bei. Ambaye haitaki nitamkosa, na nimeridhika kumkosa.

Marejesho nayo yapangie fungu kabla hujafungua. Katika Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote, na nchi nyingine zina kanuni zao. Tafuta za kwako. Mchezo uliofunguliwa ukirudi huwezi kuurudisha kwenye rafu kama mpya. Lazima ukae uhesabu. Catan ina vigae 19 vya ardhi na karata 95 za rasilimali, ukiacha barabara, vijiji na miji ya kila rangi. Kikikosekana kimoja tu, huna mchezo wa kuuza, una vipuri. Wachapishaji wengi hutuma kipande kilichopotea ukiwaandikia, na hilo ni jambo jema sana kwao, lakini kusubiri ni kwako.

Pamoja na yote hayo, mtandaoni palikuwa na jambo moja lililonifungua macho. Nilikaa na orodha ya mauzo nikaisoma mstari kwa mstari, nikitafuta nini hasa kinachotoka bila mimi kupunguza bei. Vilivyotoka vilikuwa nyongeza za michezo ambayo watu tayari wanayo, vifuko vya plastiki vya kuvalisha karata za milimita 63 kwa 88, oda za mapema za matoleo yanayosubiriwa, na majina makubwa ambayo kila mtu ameshayasikia. Mwenye Carcassonne anayetafuta nyongeza haihitaji sifa zangu. Anataka kujua kama ipo na itamfikia lini. Lakini michezo niliyoipenda mimi mwenyewe, ile midogo isiyotangazwa sana, ambayo nilijua mtu akiicheza mara moja hataiacha, ilikaa stoo mpaka vumbi likaishika. Hakuna anayeandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la mchezo ambao hajawahi kuusikia.

Hapo ndipo wazo la duka lilipoanza kunishika. Sikukimbilia kukodi. Nilizungumza na mwenye mgahawa mmoja aliyekuwa na meza tupu mchana wa wikiendi, tukakubaliana: mimi naleta michezo, yeye anauza vinywaji, na kila nitakachouza pale anapata sehemu ndogo. Kama kuna ushauri mmoja ningependa uutekeleze kabla ya mwingine wowote, ni huo. Meza ya kuazima itakuonyesha ndani ya muda mfupi kama watu wa mahali unapotaka kukodi wanakaa kucheza, wanauliza maswali gani, wanakuja na nani, na wanaondoka na boksi au mikono mitupu. Mkataba wa pango hauwezi kukuonyesha hayo kabla hujausaini.

Mama mmoja na binti yake walikaa kwenye meza ile nikawawekea Azul, mchezo uliotoka 2017 na kushinda Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, mwaka uliofuata. Sikuwasomea kanuni. Binti alitia mkono kwenye mfuko, akavuta vigae, akavipanga vinne vinne juu ya viduara vitano vilivyozunguka katikati ya meza. Nikasema: chagua kiduara kimoja, chukua vigae vyote vya rangi moja, vinavyobaki visukume katikati. Alichukua vya buluu. Mama akachukua vyekundu. Zamu chache baadaye binti aliacha kuniuliza mimi na akaanza kuitazama safu ya mama yake, kisha akamwachia makusudi rundo la vigae vilivyokuwa vingi kuliko nafasi iliyobaki, vikadondokea kwenye mstari wa kukatwa pointi. Mama aligonga meza, akacheka, akauliza bei kabla mzunguko haujaisha. Kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni mchezo uleule ulikuwa picha ya vigae vya rangi na maneno "wachezaji 2 hadi 4, dakika 30 hadi 45". Vilevile vigae, lakini pale mezani vilikuwa vimeshaingia mkononi mwake, na hakukuwa na haja ya kushindana bei na mtu yeyote.

Basi nikakodi fremu. Gharama za kuanzia zilikuwa kama za duka lolote: malipo ya awali ya pango, rafu, taa, bima, vibali. Hayo utayapata popote kwa hiyo sitayarefusha. Kinacholitofautisha duka la michezo ni meza. Meza ya watu wanne, pamoja na viti na nafasi ya kupita, inakula eneo ambalo rafu ingelijaza bidhaa, nawe unalilipia pango kila mwezi. Wengi huiona kama hasara wakaibana pembeni. Mimi naiona kama mfanyakazi: niliulizia mauzo ya kila wiki yametokana na michezo ipi, na iliyotoka ni ile iliyochezwa. Lakini meza bila mtu wa kufundisha ni fanicha tu. Kitabu cha kanuni kinawachosha wageni kabla hawajaanza, wanafunga boksi na kuondoka. Ukiajiri, ajiri anayeweza kueleza mchezo kwa sentensi chache na kunyamaza watu wakianza kufurahia. Huyo ni adimu kuliko anayezijua kanuni za michezo mingi.

Nakala za kuchezea dukani zinachakaa. Karata zinakunjika, dadu zinabingirika chini ya rafu, vigae vinaondoka kwenye mifuko ya watoto bila nia mbaya. Ndani ya kila mfuniko nimebandika karatasi yenye idadi ya vipande, na kila jioni aliyepo anahesabu kabla ya kufunga. Kazi inachosha, ila mchezo uliopungukiwa kipande ukimfikia mgeni wa kesho utamfukuza kwa mwaka mzima. Nakala hizo ziandike kwenye vitabu vyako kama gharama ya matangazo tangu siku ya kwanza. Usizihesabu kama mtaji ulioko rafuni, utajidanganya.

Jambo lililoniumiza zaidi dukani lilikuwa kuwaona watu wakifundishwa mchezo, wakiufurahia, kisha wakitoa simu, wakipiga picha boksi na kwenda kuununua kwa wale wa mtandaoni wanaopunguza. Yapo majira niliporudi nyumbani nikiwa sina hamu hata ya kufungua duka kesho yake. Nilijaribu kushusha bei iwafikie, na ilikuwa kujikata mwenyewe: gharama zangu ni za duka na bei ni ya ghala. Kilichosaidia ni kuacha kuwafukuza watu kwa macho na kuanza kutoza meza. Anayecheza analipa kiasi kidogo, na akinunua mchezo siku hiyo kiasi hicho kinaondolewa kwenye bei. Asiyenunua amelipia muda wangu, sina deni naye. Wengi walianza kununua palepale, na waliokwenda kununua kwingine walirudi kucheza na kulipa tena. Hasira zilinitoka kabisa baada ya hapo, na biashara ikatulia.

Mtandao nao unaweza kufundisha kidogo. Board Game Arena, tovuti iliyoanza 2010, inawaruhusu watu kucheza michezo mingi kwa kivinjari tu, na ukurasa wangu unaelekeza huko pale mchezo unapopatikana. Anayejaribu akaupenda bado anataka boksi lake, kwa sababu anataka kukaa na watu. Hata hivyo njia hiyo huwafaa zaidi ambao tayari ni wachezaji. Mgeni kabisa huwa hamalizi hata maelezo.

Mwaka wa biashara hii una mwendo wake, na usipoujua utanunua mzigo wakati mbaya. Wateule wa Spiel des Jahres kwa kawaida hutangazwa Mei na mshindi Julai. Jina likitajwa tu, wasambazaji huishiwa, na duka dogo husubiri nyuma ya makubwa. Tuzo hiyo imekuwapo tangu 1979 na nembo yake kwenye boksi humsaidia sana mteja asiyejua aanzie wapi, kwa hiyo wateule nawaagiza mapema, nakala chache za kila mmoja, kabla mshindi hajajulikana. Oktoba ni maonyesho ya michezo ya Essen, Ujerumani, yaliyoanza 1983. Michezo mipya humiminika na kila mteja wa mtandaoni anataka iliyotangazwa juzi. Kisha unakuja msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka, ambao kwa maduka mengi ya michezo ndio unaobeba mwaka wote. Miezi inayofuata ni kavu. Fedha ya Desemba si ya kuongezea rafu, ni ya kulipia pango la Februari na Machi. Nimeona maduka yenye wateja wengi na sifa nzuri yakifungwa katika miezi hiyo.

Upya wenyewe unatia hatari. Kila mwaka hutoka maelfu ya michezo mipya, na tangu Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia bidhaa kabla haijatengenezwa, ianze 2009, mingi inawafikia wanunuzi wa kwanza moja kwa moja kutoka kwa mchapishaji. Ikifika kwako, waliokuwa na hamu nayo zaidi wameshaipata. Kwa hiyo mchezo ulioongelewa sana mtandaoni si lazima uuzike kwako, na mimi siuagizi tena kwa wingi ila kama nimeucheza na mtu asiye mchezaji akaomba tucheze tena. Wakati huohuo Catan ya 1995, Ticket to Ride ya 2004 na Pandemic ya 2008 zinaendelea kutoka mwaka hadi mwaka. Robo tatu ya rafu zangu za dukani ni michezo ya namna hiyo: kanuni fupi, muda usiozidi saa moja na nusu, na mtu akilitazama boksi anaelewa anachoalikwa kufanya.

Mpangilio nilionao sasa ni huu. Duka linabeba michezo ya kuanzia, ya familia, ya watu wengi kwa pamoja kama Codenames, na ile midogo ninayoipenda, ambayo sasa inatoka kwa sababu inachezwa. Mtandaoni nimeacha kushindana kwenye soko lile kubwa. Nina ukurasa wangu mwenyewe unaouza nyongeza, vifuko vya karata na oda za mapema, na wengi wa wanaonunua hapo ni watu waliokaa kwenye meza zangu, wanaijua sauti yangu, wakaendelea kununua hata walipohama. Anayeweza kufika anachukua oda yake dukani, na kona haibonyei. Orodha ya mzigo ni moja tu kwa pande zote mbili, ikipungua huku inapungua kule papo hapo, kwa sababu kumwomba radhi mteja aliyelipia boksi lililouzwa dukani saa moja iliyopita kunavunja uaminifu haraka kuliko kuchelewa.

Kama huna mtu wa kukaa dukani jioni na wikiendi, au kufundisha wageni kunakuchosha, anza na ubaki mtandaoni, lakini chagua fungu dogo ulijue kwa undani: michezo ya watu wawili, ya peke yako, ya watoto wadogo, au nyongeza na vipuri. Anayejua anachokitaka atakutafuta wewe kwa sababu unacho, na hatalinganisha bei ya kila senti. Usijaribu kuwa na kila kitu. Hilo ghala kubwa tayari lipo na si lako.

Na kama unaelekea kwenye fremu, usome mkataba ukiwa na mawazo ya jioni. Watu hucheza baada ya kazi. Uliza jengo hufungwa saa ngapi, choo cha wateja kiko wapi, majirani wa juu ni nani, kelele za kucheka zinaruhusiwa hadi saa ngapi, na kama unaweza kutoka kwenye mkataba kabla ya muda wake kwa notisi ya miezi michache. Niliiacha fremu moja nzuri na ya pango nafuu kwa sababu lango la jengo lilifungwa saa kumi na mbili jioni na mwenye nyumba hakutaka kulizungumzia. Niliyoichukua ni ndogo, iko mbali kidogo na barabara kubwa, na mlango wake wa mbele naufunga mwenyewe.